Kujipima usikivu kwa simu au tableti: jinsi ya kuhakikisha sikio zima halilijibii sikio bovu

Kipimo cha usikivu cha kwenye simu kinaweza kukuambia kwamba sikio lako la kushoto bado linasikia kiasi, ilhali sikio hilo limekufa kabisa. Programu haijaharibika, na wewe hukudanganya. Mlio uliopigwa kushoto ulikuwa mkubwa kiasi cha kuvuka fuvu, ukafika sikio la kulia lililo zima, nalo likakufanya ubonyeze kitufe. Umepiga hodi mlango wa kushoto, aliyeitikia ni jirani wa kulia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejipima mwenyewe nyumbani, mzazi anayempima mtoto wake mkubwa, muuguzi anayezunguka shuleni na tableti, na ofisa usalama wa kiwandani anayepima wafanyakazi kila mwaka. Wote nawaomba washike jambo moja: namba ya sikio lililo dhaifu zaidi, yaani desibeli za mlio mdogo kabisa linaousikia, si ya sikio hilo mpaka sikio la upande wa pili liwe limezugwa kwa kelele, yaani limepigiwa mvumo wa kulishughulisha ili lisiusikie mlio unaovuka. Mengine yote humu yanatokana na hilo.

Mlio unavukaje kichwa

Koklea zote mbili, yaani viungo vya ndani vinavyogeuza mtetemo kuwa taarifa ya kupelekwa kwenye ubongo, zimo ndani ya fuvu lilelile moja. Hedifoni ikisukuma hewa kwa nguvu hutetemesha na mfupa, na mtetemo wa mfupa hausimami katikati ya kichwa. Hupungua tu njiani.

Unapungua kiasi gani? Inategemea kifaa. Kwa hedifoni zinazolalia sikio, watu wengi hupoteza desibeli 50 hadi 60 hivi kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ila wapo wanaopoteza 40 tu. Kwa kuwa huwezi kumtambua wa 40 kwa kumtazama usoni, hesabu ya tahadhari ni 40 kwa kila mtu. Vipokea sauti vya kitabibu vya kuchomeka, vyenye sponji inayovimba ndani ya tundu la sikio, hugusa sehemu ndogo ya fuvu, kwa hiyo kwa hivyo hushikwa 55. Vile vidogo vya kusikilizia muziki visikuvutie kwenye 55. Vihesabu kwa 40. Kitetemeshi cha mfupa, kile kinachobanwa nyuma ya sikio, hesabu yake ni 0: mlio wake huzifikia koklea zote mbili karibu sawasawa, popote utakapokibana.

Tuchukue mfano mmoja na kutembea nao. Kijana aliugua matubwitubwi utotoni, na ugonjwa huo unajulikana kuua usikivu wa sikio moja bila mtu kushtuka. Sikio lake la kulia linasikia mlio wa desibeli 10, ambayo ni kawaida. La kushoto halisikii kitu. Fuvu lake hupoteza desibeli 50. Programu inaanza kupandisha mlio kushoto: 30, 40, 50, kimya. Kwenye 60 mlio unavuka na kufika kulia ukiwa 10. Anausikia, anabonyeza. Programu inaandika: kushoto, 60.

Kwa ngazi za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kuanzia 50 hadi chini ya 65 ni upungufu unaokaribia kuwa mkubwa, yaani sikio ambalo mtu angeshauriwa kulinunulia kifaa cha usikivu. Familia ya kijana huyu ikichanga pesa ikanunua kifaa, kitakuwa kinapiga kelele ndani ya sikio lisilo na mwenyewe. Hapo ndipo kosa dogo la kipimo linapogeuka kuwa hasara ya mamia ya maelfu ya shilingi na kijana anayedhani hajui kukitumia.

Kujipima na kuzuga sikio si mambo mapya

Mwanzoni mwa karne ya 20, Robert Bárány, daktari wa Vienna aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, alitumia kisanduku kidogo cha kelele kulizuga sikio moja huku la pili likipimwa. Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest na mshindi wa Nobel ya 1961, alieleza mwaka 1947 mashine ambayo anayepimwa huiendesha mwenyewe: ukisikia unashikilia kitufe na mlio unashuka, ukiacha kusikia unaachia na mlio unapanda, kalamu ikichora msumeno kwenye karatasi. Kinachonisikitisha ni kwamba kujipima kumesambaa hadi kwenye kila simu, lakini kuzuga mara nyingi kumeachwa nyuma.

Si kote. Robert Margolis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walibuni mfumo uitwao AMTAS, ambao mtu hukaa peke yake na kujibu ndiyo au hapana, na mashine hulipigia kelele sikio lisilopimwa kila mlio unapotolewa, kisha huonya pale inaposhuku kwamba kelele ilikuwa ndogo mno au kubwa mno. Afrika Kusini imetoa KUDUwave, hedifoni yenye vipokea sauti vya kuchomeka ndani na vikombe vikubwa vya kufunika nje, iliyotengenezwa ili kupima watu mahali pasipo na chumba maalumu cha kuzuia kelele. Kwa nchi zetu, ambako chumba cha namna hiyo utakikuta kwenye hospitali kubwa chache, huo ni msaada wa kweli.

Kwanza, jua umeshika kipimo cha aina gani

Aina ya kwanza ni ya tarakimu ndani ya kelele. Unasikia sauti ikitaja namba tatu huku kelele ikivuma, unaziandika, na kipimo kinakuwa kigumu au chepesi kulingana na majibu yako. hearWHO, iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, ni ya aina hii. Ni nzuri kwa kuchuja, haihitaji hedifoni ya bei, na inagusa jambo linalowasumbua watu hasa, yaani kusikia maneno penye makelele. Ila vipimo vya namna hii vikipeleka sauti ileile kwenye masikio yote mawili kwa pamoja, sikio moja zuri linatosha kukufaulisha. Watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Pretoria walionyesha mwaka 2020 kwamba ukigeuza wimbi la sauti ya namba katika sikio moja na kuacha kelele kama ilivyo, kipimo kinakamata vizuri zaidi watu wenye ubovu wa upande mmoja.

Aina ya pili ni ya milio: piii ya chini, piii ya juu, sikio moja baada ya jingine, na mwisho unapewa mchoro uitwao odiogramu. Humu ndimo tatizo la kuvuka linapokaa, na ndiyo aina ninayoifuata kuanzia hapa.

Fungua mipangilio ya programu au karatasi ya mashine na utafute majibu matatu. Imesawazishwa kwa hedifoni gani? Inapima kwa hewa tu (hedifoni) au na kwa mfupa (kitetemeshi)? Inazuga sikio la pili, na kama inazuga, ni kila mara au pale tu tofauti ya masikio inapokuwa kubwa? Usipopata jibu la swali la tatu, chukulia kwamba haizugi. Dalili nyingine ni masikio yako mwenyewe: kama katika kipimo kizima hukuwahi kusikia mvumo wa shaaa upande usiopimwa, hakuna kilichozugwa.

Kuhusu usawazishaji nitasema kwa kifupi lakini kwa msisitizo. Desibeli za kwenye odiogramu zina maana pale tu programu inapojua hedifoni yako inatoa sauti kiasi gani. AirPods Pro 2 za kampuni ya Apple, ambazo tangu mwishoni mwa 2024 zina kipimo cha usikivu cha watu wazima, zinafanya kazi kwa sababu programu na kifaa vinajuana. Mashine za tableti za shuleni huja na hedifoni zake, na hedifoni hiyo haibadilishwi na nyingine hata ikikatika waya siku ya kazi. Earphone za elfu tano za barabarani zitakupa mchoro mzuri wenye namba za kubuni.

Andaa masikio na chumba

Usipime siku uliyotoka kwenye disko, kiwanda cha mbao au harusi yenye spika kubwa. Kelele huchosha koklea kwa muda. Acha saa 14 au zaidi zipite. Wafanyakazi wapimwe asubuhi kabla ya zamu, hasa mahali ambapo kelele inakaribia kikomo cha kisheria, kama ile desibeli 90 kwa saa 8 ya kanuni za Kenya za mwaka 2005.

Mwombe mhudumu wa afya akumulikie masikio. Nta iliyoziba, usaha, au ngoma ya sikio iliyotoboka hubadilisha matokeo, na utaona mbele kidogo kwamba nta ya sikio *zuri* ndiyo inayodanganya zaidi. Usijichokoe na njiti ya kiberiti wala pamba ya kijiti. Unaisukuma nta ndani.

Kwa chumba, chagua saa badala ya kutafuta mahali pazuri mno. Katika nyumba nyingi za mjini saa tano usiku ni bora kuliko saa tano asubuhi: bodaboda zimepungua, jenereta ya jirani imezimwa, watoto wamelala. Zima feni na friji. Mvua ikianza kugonga bati, ahirisha. Chumba chenye mapazia mazito, godoro na nguo nyingi hunyonya sauti kuliko sebule yenye vigae. Kelele iliyobaki huumiza zaidi milio ya chini, hezi 250 na 500, kwa hiyo ukiona hizo tu zimeshuka pande zote mbili huku za juu zikiwa nzuri, kishuku chumba kwanza.

Vua miwani, hereni kubwa, na usogeze nywele au ushungi usikae kati ya kikombe na sikio. Nyekundu ni kulia, bluu ni kushoto. Angalia mara mbili. Hedifoni ikivaliwa kinyume, kila utakachosoma baadaye kitakuwa cha sikio jingine.

Kupima kwenyewe

Anza na sikio unaloona ni zuri zaidi, maana kiwango chake ndicho kitakachohitajika kulizuga baadaye. Utaratibu ambao mashine nyingi huufuata ni wa watafiti wa usikivu Carhart na Jerger wa mwaka 1959: mlio unaanza kwa sauti unayoisikia bila shida, unashuka desibeli 10 kila ukiusikia, unapanda 5 kila usipousikia. Kiwango cha chini kabisa unachokisikia angalau nusu ya mara mlio unapopanda ndicho kizingiti chako kwa masafa hayo, yaani kwa mlio wa hezi hizo. Kawaida huanza hezi 1000, ikaja 2000, 4000 na 8000, ikarudia 1000 kuhakiki, kisha 500 na 250. Marudio ya 1000 yakitofautiana na ya kwanza kwa zaidi ya desibeli 5, hukuwa umetulia, anza upya.

Kama unampima mtu mwingine, maelezo unayompa kabla ya kuanza ni nusu ya kazi. Mimi husema hivi: "Mzee wangu, utasikia vimlio vyembamba, piii, vingine vidogo mno. Ukisikia, hata kwa mbali, bonyeza mara moja halafu achia. Kuna wakati sikio moja litavuma shaaa. Usiujali mvumo huo wala usiubonyezee. Ngojea piii tu, na ukiisikia bonyeza, hata kama huna hakika imetokea upande gani." Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mtu anayesikia mlio wa kushoto ukitokea kulia hujizuia kubonyeza akidhani amekosea, naye ndiye hasa tunayetaka kumgundua. Akikwambia baadaye kwamba piii za kushoto zote alizisikia kulia, liandike hilo. Lina thamani kuliko namba.

Programu nzuri huweka vipindi vya kimya makusudi ili kuona kama unabonyeza bila mlio. Ikikuambia majibu ya kubahatisha yalikuwa mengi, pumzika, unywe maji, rudia.

Yasome matokeo kabla ya kuyaamini

Shika kalamu. Kwa kila masafa, toa namba ya sikio zuri kutoka kwenye namba ya sikio bovu.

Tofauti ikifika 40 au zaidi popote (55 kwa vipokea sauti vya kitabibu vya kuchomeka), namba ya sikio bovu kwenye masafa hayo haijathibitika. Huenda ni yake, huenda ni ya jirani. Kipimo hicho lazima kirudiwe huku sikio zuri likizugwa.

Angalia pia umbo. Kama mstari wa sikio bovu unafuata mlima na bonde za sikio zuri, ukiwa umeshuka tu kwa 50 au 60 kila mahali, hiyo ni dalili kubwa ya mchoro kivuli: sikio moja limechorwa mara mbili.

Sasa lile la nta. Hesabu ya hapo juu inalinganisha hewa na hewa, lakini mlio unaovuka fuvu hauingii kupitia tundu la sikio la pili. Unaifikia koklea moja kwa moja kwa njia ya mfupa. Tuseme sikio la kulia lina nta au usaha, kwa hewa linasikia 40, ila koklea yake ni nzima na kwa mfupa inasikia 0. Kushoto kumeandikwa 55. Tofauti ya hewa ni 15 tu, programu haina wasiwasi, nawe huna. Lakini mlio wa 55 kushoto ukipoteza 40 unafika koklea ya kulia ukiwa 15, na koklea hiyo inasikia kuanzia 0. Umesikika vizuri tu. Programu inayopima kwa hewa peke yake haiwezi kuligundua hili hata iwe na akili kiasi gani, kwa sababu haijui koklea iliyo nyuma ya nta inasikia nini. Ndiyo maana masikio yasafishwe na kutibiwa kwanza, au kipimo cha mfupa kifanyike.

Na kwa kipimo cha mfupa: kwa kuwa hakuna kinachopotea njiani, pale mfupa unapokuwa bora kuliko hewa kwa desibeli 10 au zaidi katika sikio lolote, hujui mfupa huo ni wa koklea ipi mpaka uzuge.

Kuzuga sikio lisilopimwa, hatua kwa hatua

Sehemu hii ni ya mwenye mashine inayoruhusu kuzuga, iwe inajiendesha au unaiendesha kwa mkono. Hata mashine ikijifanyia yenyewe, ni vema ujue inafanya nini ili uweze kuikamata ikikosea.

Kelele inayotumika ni mvumo wa masafa finyu, yaani uliokusanywa kuzunguka masafa ya mlio unaopimwa: mlio wa hezi 1000, mvumo wa kuzunguka 1000. Mvumo wa masafa yote huhitaji kuwa mkubwa zaidi kwa kazi ileile, na humchosha mtu bure.

Weka mvumo kwenye sikio zuri, ukianzia kizingiti chake kwa masafa hayo na kuongeza 10. Kijana wetu ana 10 kulia, kwa hiyo mvumo unaanza 20. Mwulize kwanza kama anausikia na upande gani. Kisha tafuta tena kizingiti cha kushoto huku mvumo ukiendelea, kiandike, ongeza mvumo kwa 10, tafuta tena, andika. Endelea.

Sasa namba zenyewe zitasema. Kwa sikio lililokufa utapata hivi: mvumo 20, kizingiti 70. Mvumo 30, kizingiti 80. Mvumo 40, kizingiti 90. Mvumo 50, kizingiti 100. Kila ukilizuga sikio la kulia kwa 10, kushoto kunadai 10 zaidi. Maana yake aliyekuwa anajibu muda wote ni wa kulia. Ukifika mwisho wa mashine bila kusimama, andika kwamba hakuna jibu kwenye kiwango hicho, na usiandike 60 popote.

Sasa tuseme sikio la kushoto halikufa, linasikia 75. Mvumo 20, kizingiti 70, maana kulia bado kunasaidia. Mvumo 30, kizingiti 75. Mvumo 40, ni 75. Mvumo 50, ni 75. Namba imegoma kupanda. Huo ndio uwanda, mbinu iliyoelezwa na mtafiti wa usikivu Hood mwaka 1960 na inayotumika hadi leo. Ngazi tatu za mvumo zikifuatana bila kizingiti kupanda, namba hiyo ni ya sikio la kushoto kweli. Kupanda kwa 5 mara moja kusikutishe. Ubongo wenyewe hulegea kidogo ukisikia kelele, hata kelele isipovuka popote.

Kosa la upande wa pili ni kuzuga kupita kiasi. Mvumo nao huvuka fuvu kama mlio unavyovuka. Chukua sikio la kushoto lenye usaha, hewa 60 na mfupa 10, kulia 10, na fuvu linalopoteza 50. Mvumo wa kulia ukifika 60, upande wa kushoto unafika ukiwa 10, na kuanzia hapo unaizuga koklea uliyokusudia kuipima. Utauona uwanda kati ya 20 na 60, kisha kizingiti kinaanza kupanda tena pamoja na mvumo. Jibu lako ni la pale kwenye uwanda, si la juu yake. Anayeongeza kelele "kwa usalama" anaweza kumgeuza mtu mwenye tatizo linalotibika kuwa kiziwi kwenye karatasi.

Kuna hali ambayo uwanda haupatikani kabisa: masikio yote mawili yana usaha au yameziba, hewa 60 na 60, mfupa 10. Mvumo wa kuanzia ni 70, nao unavuka ukiwa 20, tayari umezidi. Hapo acha. Vipokea sauti vya kuchomeka huongeza nafasi kwa sababu sauti hupotea zaidi njiani, lakini sikio linalotoka usaha halichomekwi kitu. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, atibiwe kwanza. Vipo na vipimo visivyohitaji mtu kubonyeza kitufe. Kimojawapo husikiliza mwangwi unaotolewa na koklea yenyewe kupitia kimaikrofoni kilichowekwa ndani ya sikio lilelile linalopimwa, na kwa hicho sikio la jirani halina pa kuingilia. Ndicho kinachofaa pia kwa watoto wachanga na wadogo wasioweza kufuata maelekezo, mradi sikio la kati ni safi.

Usijaribu kutengeneza kuzuga kwako kwa kucheza video ya mvumo kwenye earphone ya upande mmoja huku ukijipima kwa mwingine. Namba ya mvumo huo huijui, na mtu akiukuza ili "afunike vizuri" anaweza kujiumiza.

Alama kwenye karatasi

Ukipokea odiogramu kutoka mahali popote, alama zitakuambia kama sikio lilizugwa. Katika mfumo wa Kimarekani, unaotumiwa na mashine nyingi, duara jekundu ni hewa ya kulia bila kuzuga na X ya bluu ni hewa ya kushoto bila kuzuga. Pembetatu ni kulia kukiwa kumezugwa sikio la pili, mraba ni kushoto vivyo hivyo. Kwa mfupa, vimshale < na > havikuzugwa, mabano ya mraba [ na ] yamezugwa. Mshale unaoelekea chini maana yake hakuna jibu. Ukiona X za bluu ziko chini ya maduara kwa 50 mstari mzima na hakuna mraba hata mmoja, una haki ya kuuliza, kwa upole na bila woga: "Daktari, sikio hili lilipimwa likiwa limezugwa lile la pili?"

Kuzuga bila mashine

Kipo kipimo cha mnong'ono ambacho madaktari wamekitumia miaka mingi, na humo kuzuga kunafanywa kwa kidole. Kwa mtu mwenye programu isiyozuga, hiki ndicho kihakikishi bora cha nyumbani.

Mweke mhusika kwenye kiti, wewe simama nyuma yake umbali wa mkono, kama sentimita 60, asione midomo yako. Kwa sikio la upande usiopimwa, bonyeza taratibu kile kinyama kilicho mbele ya tundu hadi kifunike, kisha kisugue kwa kuzungusha bila kuacha. Msuguo huo ndio kelele yako. Toa pumzi yote nje ili mnong'ono usiwe na nguvu, halafu nong'ona mchanganyiko wa tarakimu na herufi: "nne, ka, mbili". Ayarudie. Akipata yote, sikio limefaulu. Akikosa chochote, nong'ona mchanganyiko mwingine, kwa mfano "saba, be, tano". Akipata angalau vitatu kati ya vyote sita, amefaulu. Badilisha upande, na usirudie mchanganyiko uleule.

Hakikupi desibeli. Lakini mtu ambaye programu imemwandikia 60 kushoto, na kwenye mnong'ono akishindwa kabisa kushoto huku kulia akijibu bila kusita, ana sababu tosha ya kwenda kupimwa kwa kuzugwa. Ukiacha kusugua kwa bahati mbaya akaanza kujibu ghafla, umeona kwa macho yako sauti ikivuka.

Wapi pa kwenda, na haraka kiasi gani

Sikio lililopoteza usikivu ghafla, ndani ya siku tatu, ni dharura, hata kama haliumi. Dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Usikae nyumbani ukirudia programu kila asubuhi kuona kama limepona.

Tofauti ya kudumu kati ya masikio mawili, mvumo wa sikio moja usiokoma, au kizunguzungu kinachoambatana na upande mmoja, vinahitaji daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu mara chache huwa nyuma yake kuna uvimbe kwenye neva ya usikivu. Usaha unaorudirudi vivyo hivyo. Upungufu unaofanana pande zote mbili na unaokuja polepole na umri hauna haraka hiyo, ila nao una msaada wake.

Nenda na picha ya matokeo yako, jina la programu, aina ya hedifoni, na saa uliyopima. Sema wazi kwamba ulipima bila kuzugwa, kama ndivyo ilivyokuwa. Na ukiwa wewe ndiye muuguzi wa shule, kwenye daftari la rufaa weka safu moja zaidi kando ya jina la mtoto: "sikio la pili lilizugwa? ndiyo / hapana". Anayempokea mtoto atajua mara moja ni namba ipi ya kurudia kupima.